Msomaji Asiyejua Kusoma

Siku hizi vitabu vinasikilizwa. Wanafunzi wa huku kwetu Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, huazima simu za wazazi wao wakasikiliza riwaya ikisomwa tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, na kila mmoja ana msomaji wake ampendaye. Yuko anayependa sauti nzito ya mzee aliyekula chumvi nyingi. Yuko anayempenda msichana asomaye mbio kana kwamba anafukuzwa. Sisi walimu nasi tuna wetu, maana wengi tulikua na vipindi vya shule redioni na sauti zile hazijatutoka masikioni. Mabishano haya nayapenda. Hata hivyo, sikubaliani na jibu litolewalo kila mara, kwamba msomaji hupendeza kwa kuwa ana sauti nzuri. Sauti nzuri ni kipaji, na wenye kipaji hicho ambao huwezi kuwavumilia kurasa tatu ni wengi. Nikiulizwa msomaji wangu mimi, humtaja mwanamke ambaye hakujua kusoma wala kuandika: Siti binti Saad wa Unguja.

Najua pingamizi litakalotolewa. Siti alikuwa mwimbaji, si msomaji. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe kabla ya kuhukumu. Watu wa pwani husoma maulidi, na katika wanaoyasoma wamo wasiotazama kitabu. Husoma utenzi kwa mahadhi, na asiyeyajua mahadhi yake huambiwa hajui kuusoma hata kama herufi zote anazitambua. Utenzi wa Mwana Kupona haukutungwa ukae ndani ya sanduku. Ulitungwa uingie katika sikio la binti. Kusoma kwa macho peke yake, mdomo ukiwa umefungwa, ni desturi tuliyoizoea shuleni, tena si ya zamani sana. Kwa kipimo cha wazee wetu, mtu ayachukuaye maneno ya mtunzi akayafikisha kwa wasikilizaji yakiwa mazima amesoma. Na hakuna aliyeyafikisha mbali kama Siti.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, asili yao ikiwa bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, jina ambalo katika Unguja ya siku hizo halikuhitaji maelezo, kwani utumwa wenyewe ulikuwa bado ni sheria ya nchi. Haukufutwa hadi mwaka 1897. Hakutiwa chuoni wala hakupelekwa skuli. Alichofundishwa ni kufinyanga. Alikanda udongo, akafinyanga vyungu na mitungi, akavichoma, kisha akavipeleka mjini kuviuza.

Inasimuliwa kwamba alivinadi vyungu vyake kwa kuimba, na kwamba watu walitambua kuwa anakuja kabla hawajamwona. Wengi huisoma habari hii kama dalili ya sauti kubwa tu. Mimi naiona kuwa ndiyo skuli yake ya kwanza. Mchuuzi anayepita mtaani husema na watu asiowaona. Mnunuzi yumo ndani, pengine yuko jikoni, mlango umerudishwa, watoto wanalia. Maneno ya mchuuzi sharti yapite ukutani yakiwa yangali maneno, yasifike kama ukelele mtupu. Asiyetamka vyema harudi nyumbani na pesa. Katika vyuo vyetu vya ualimu hatuna mtihani mkali kama huo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyekuwa hodari wa udi, naye akamfunza kuimba kwa kufuata ala. Taarabu ya wakati huo ilikuwa mali ya jumba la mfalme na ya watu wa nasaba. Ilikuwa imeingia Unguja katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Mfinyanzi wa Fumba hakuwa na nafasi katika dunia ile. Ikambidi ajifunze tungo za lugha asiyoisema, asizoweza kuzitazama kwenye karatasi, kwa njia moja tu: mwingine atamke naye asikilize, arudie, asahihishwe, arudie tena hadi liingie.

Hapa nawaomba walimu wenzangu tutue kidogo. Sisi humpa mwanafunzi kitabu tukamwamuru asome kwa sauti, naye husoma neno la kwanza kabla hajui la mwisho linasemaje. Macho yake yamo katika mstari wa pili, ulimi wake umo katika wa kwanza, na akili yake haimo popote. Ndiyo maana tunasikia usomaji uliolala, kila sentensi ikiinuka na kushuka mahali pale pale kama bembea. Asiyekuwa na karatasi hawezi kufanya hivyo. Kwake hakuna neno ambalo halijapita kichwani kwanza. Lazima ajue shairi linaelekea wapi, la sivyo litampotea njiani. Siti alipofungua kinywa alikuwa ameumaliza ubeti zamani, na kazi iliyobaki ilikuwa kumpa msikilizaji. Nadhani siri ya wasomaji wote wazuri, wa jana na wa leo, wenye vitabu na wasio navyo, iko hapo.

Kisha akafanya jambo lililobadilisha taarabu moja kwa moja: akaiimba kwa Kiswahili. Sisemi kwamba aliacha Kiarabu, maana aliendelea kukiimba, na alijua pia nyimbo za Kihindi. Lakini pamoja na wenzake, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, aliwaimbia watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji uliokaliwa na mafundi, wachukuzi, wapishi, wavuvi na waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Tungo zilitungwa kutokana na mambo yaliyotokea mtaani wiki ile. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilikuwa limekwisha kulifunika lile la Mtumwa.

Utungo unaojulikana zaidi katika hizo unahusu mtu aliyeitwa Kijiti. Mwanamke mmoja alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam kutembea, akachukuliwa kwenye starehe, akatendewa uovu na kuuawa. Kijiti akakimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliopata adhabu ni wanawake waliokuwa mashahidi, kwa makosa ya ulevi. Huo ndio wimbo. Hauna kilio kirefu wala hauna matusi kwa hakimu. Unaeleza lililotokea na kumwachia msikilizaji ghadhabu. Mwimbaji mwingine angeulilia, na tungemwonea huruma yeye badala ya marehemu. Nafikiri hii ndiyo tofauti kati ya msomaji na mwigizaji. Mwigizaji anataka tumtazame, ilhali msomaji anataka tutazame kile anachokisoma. Wapo leo wasomaji wa riwaya wanaotoa sauti kumi na mbili kwa wahusika kumi na wawili, wakakohoa wazee wanapokohoa na kulia watoto wanapolia, na ukimaliza kuwasikiliza unakumbuka vituko vyao, kisa hukikumbuki.

Sauti yenyewe ya Siti, kwa anayeisikia leo katika nyimbo zilizohifadhiwa, si laini. Ni nyembamba, ina ukali, na mara nyingine hupitia puani. Mwanafunzi aliyelelewa na muziki wa siku hizi huenda asiipende mara moja. Lakini asikilize jinsi neno linavyowekwa. Siti haumezi mwisho wa neno hata pumzi inapokaribia kwisha. Huweza kuivuta silabi mbali, ikapanda na kushuka, kisha akairudisha nyumbani neno likiwa bado linatambulika. Kibwagizo hakirudii kwa namna ile ile. Mara ya kwanza ni taarifa, mara ya tatu kimekwisha kuwa shutuma, na hakuna herufi iliyobadilika.

Husuda nayo haikukosekana. Mafanikio ya mtoto wa mfinyanzi yaliwachoma baadhi ya waungwana, na wimbo ukatungwa wa kumkejeli: lini amekuwa mtu, huyu aliyekuja mjini na kaniki? Walitaja asili yake, walitaja vyungu vyake, hata sura yake waliigusa. Alijibu kwa utungo ambao hoja yake ni kwamba uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo si kitu, na hasara ya kweli ya mtu ni kukosa akili. Jibu lile lingali linaimbwa. Majina ya waliomkejeli sijamsikia mtu akiyataja.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya jambo ninaloliona karibu. Watoto wengi wa Ganda huzungumza Kigiriama nyumbani, na Kiswahili chao kina ladha ya nyumbani. Anaposimama mtoto kusoma kwa sauti, sauti fulani zikatoka kwa Kigiriama, darasa hucheka. Nimepata kufika katika shule moja, ambayo sitaitaja, ambako usomaji wa sauti umeachwa kabisa kwa kuwa unapoteza wakati wa maandalizi ya mtihani, na walipokuwa bado wanausoma, waliosomeshwa ni wale wale watatu wa mjini. Wengine walikaa kimya miaka minne. Mtoto aliyechekwa mara mbili hafungui kinywa mara ya tatu, na fasihi isiyopita kinywani mwake hubaki kuwa majibu ya mtihani: dhamira, maudhui, wahusika, basi. Siti alifika mjini akiwa na matamshi ya shamba na kaniki mwilini. Angeanza masomo yake katika darasa kama hilo, angerudi Fumba kufinyanga.

Wala si kwamba pwani ya Kenya haikuwa na sauti zake. Mwaka 1913, Siti akiwa na miaka miwili tu mjini Unguja, Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka katika nchi ya Wagiriama, akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwahimiza waukatae utawala wa Waingereza. Sanamu yake iko mjini Malindi na wanafunzi wetu huipita. Alikuwa mwanamke asiye na kitabu, na maelfu walimsikiliza. Lakini hakuna mashine iliyokuwapo kuinasa sauti yake. Tunajua alichokitaka, namna alivyokisema, wapi alipaza na wapi alinyamaza, haturudishiwi tena. Siti alikuwa na bahati ambayo Mekatilili hakuipata.

Bahati hiyo ilimjia mwezi Machi 1928. Kampuni ya gramafoni iliyouza santuri kwa alama ya His Master's Voice ilimchukua pamoja na wenzake kwa meli hadi Bombay, nchini India, kurekodi. Siti alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kuimba kwa Kiswahili katika santuri za biashara, na mwanamke wa kwanza. Ikumbukwe santuri zile zilikuwa za namna gani. Upande mmoja ulichukua dakika tatu na kidogo tu. Wimbo ambao Ng'ambo uliweza kuchukua sehemu kubwa ya usiku, watu wakiomba ubeti urudiwe, mpigaji udi akipewa nafasi ya kutamba, sasa ulipaswa kuishia pale sindano inapofika katikati. Tena mbele yake hapakuwa na watu. Hapakuwa na mtu wa kutikisa kichwa wala wa kutunza, ila chombo cha kunasia sauti katika chumba cha nchi ya kigeni. Msomaji wa kitabu cha sauti leo hukaa katika chumba kama hicho, akisomea hewa. Mwanamke aliyezoea kuwanadia vyungu watu walio nyuma ya kuta, nadhani, alikuwa na mazoezi ya kutosha ya jambo hilo.

Santuri zilipofika pwani zilinunuliwa kwa wingi ambao wenye kampuni hawakuutazamia. Rekodi nyingine zikafuata, na kufikia mwaka 1931 inakadiriwa kwamba zaidi ya santuri 70,000 za Siti na kikundi chake zilikuwa zimeuzwa. Kampuni nyingine zikaamka na kuja kutafuta waimbaji Afrika Mashariki. Hesabu ya santuri, hata hivyo, haionyeshi hesabu ya masikio. Gramafoni moja katika mkahawa ilitosha mtaa mzima. Waliokaa barazani wakinywa kahawa walisikia, aliyepita na mkokoteni alisimama akasikia, wanawake waliokuwa ndani walisikia. Wengi wao hawakujua kusoma, kama yeye. Shairi liliwafikia bila karatasi, wakalihifadhi bila karatasi, wakampelekea mwingine.

Na kuna jambo katika mwaka huo wa 1928 ambalo hupita bila kutajwa katika masomo ya historia ya Kiswahili. Kila mwanafunzi hukariri kwamba mwaka huo ulifanyika mkutano mjini Mombasa, na kwamba Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kisha Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 kusimamia kazi hiyo. Ni kweli. Lakini miezi michache kabla ya mabwana wale kuketi Mombasa, Kiunguja kilikwisha kupanda meli kwenda Bombay katika kinywa cha mfinyanzi wa Fumba, na santuri zake zilikisambaza pwani nzima wakati kamati ikiwa bado inapanga tahajia. Sidai kwamba Siti ndiye aliyesanifisha lugha. Nasema kwamba kamati ilishughulika na jicho, yeye akashughulika na sikio, na mtahini hatoi alama kwa hilo la pili.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya kelele nyingi. Umri ulisogea, waimbaji wapya wakatokea, wengine wakiwa wamejifunza kwa kumsikiliza. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuimba hadi uzeeni kabisa, alikuwa mmoja wa waliolelewa na sauti ile. Siti alifariki Unguja tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa alikuwa amepata kuzungumza na mgeni kutoka Tanganyika, mtu mpole aliyefanya kazi serikalini na kuandika mashairi usiku. Huyo alikuwa Shaaban Robert. Kutokana na mazungumzo hayo na habari alizozikusanya aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, miaka minne kabla yeye mwenyewe hajafa.

Wasifu huo ni miongoni mwa vitabu vya kwanza katika lugha yetu kueleza maisha ya mwanamke wa kawaida kwa heshima kamili, na umesomeshwa shuleni vizazi kwa vizazi. Naupenda, ingawa Shaaban Robert hawezi kujizuia kutoa mawaidha kila apatapo mwanya. Lakini fikirini ajabu yake. Maisha ya mtu aliyekuwa sauti tupu yamefika kwetu yakiwa karatasi tupu, na tunayasoma kwa macho, kimya, tukitafuta majibu ya maswali ya mwalimu. Niliwahi kukutana na mwanafunzi aliyeweza kutaja mwaka wa kuzaliwa kwa Siti, kijiji chake na kazi ya wazazi wake, wala hajapata kusikia hata pumzi yake moja. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Nadhani walichagua neno la kwanza kwa makusudi.

Santuri zile za zamani huvunjika kama kigae, na nyingi zimekwisha kuvunjika. Zilizosalia zimo mikononi mwa wachache wanaokusanya vitu vya kale, lakini baadhi ya nyimbo zimehamishwa zikatolewa upya, na wanafunzi wenye simu wanaweza kuzipata pale pale wanapopata riwaya zao. Mwalimu anayetaka kuzitumia asianze kwa kueleza. Achague wimbo mmoja, awape wanafunzi kalamu, wauandike wanavyousikia. Mara ya kwanza watalalamika, maana sindano inakwaruza na udi uko karibu kuliko mwimbaji. Watapata neno hapa, neno pale. Mara ya pili watagombana juu ya neno moja la mwisho wa mshororo, huyu akisema hivi na yule vile. Wapigie mara ya tatu, na hapo wale wa Kigiriama wasikose kuulizwa, kwa maana sikio lililozoea lugha mbili hushika mengi.